Kutoka wapi, kwenda wapi? Namna ya kuhamisha laptopu nzima kwenye diski kubwa bila kupoteza kazi yako



Kuna swali ambalo naulizwa karibu kila mwezi: "Mkubwa, mashini yangu imejaa. Naweza kuweka diski kubwa bila kupoteza vitu vyangu?" Jibu ni ndiyo, inawezekana, na unaweza kuifanya kazi hiyo wewe mwenyewe ukiwa hapa hapa Baraka. Lakini kabla sijawaonyesha njia, acheni niwaeleze kwanza siku niliyoharibu kazi ya mwenzetu. Kama nikificha hilo, mutadhani ni jambo la kubonyeza tu na kungoja.

Dada mmoja, mwanafunzi wa historia, alikuwa anaandaa TFC yake. Alikuwa amezunguka na simu akirekodi wazee, wale waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 vita ilipoingia, wakaenda kukaa kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, halafu baadaye wakarudi. Rekodi zilikuwa 34, zote ziko kwenye laptopu yake ya zamani yenye diski ya gigabaiti 320. Kwenye simu alikuwa ameshazifuta ili apate nafasi ya kurekodi zingine. Diski ikajaa. Akanunua mpya ya terabaiti moja, akaniletea mimi kwa sababu watu walisema najua.

Nami nilijiona najua. Niliwasha mashini kwa flashi yenye Linux, nikaandika amri moja fupi inayoitwa dd. Amri ile inataka vitu viwili tu: usome diski gani, uandike kwenye diski gani. Haiulizi swali, haionyeshi picha, haisemi "una uhakika?" Nikabonyeza, nikatoka kwenda kunywa chai.

Kama dakika kumi baadaye nikarudi, nikasoma tena mstari nilioandika. Miguu ikaisha nguvu. Nilikuwa nimegeuza. Diski mpya, tupu, ndiyo ilikuwa inasomwa. Diski ya dada, yenye wazee wote wale, ndiyo ilikuwa inaandikwa. Utupu ulikuwa unamiminwa juu ya kazi yake.

Nilikatisha pale pale. Kwa dakika kumi, kupitia waya wa USB wa zamani, zilikuwa zimepita kama gigabaiti 18. Windows ilikuwa imekwenda, na orodha yote ya majina ya mafaili imekwenda. Mwisho wa habari nitauleta huko chini. Sasa tuingie kwenye somo.

KUNAKILI MAFAILI SI KUNAKILI DISKI

Wengi wanafikiri ukichukua mafolda yako yote ukayaweka kwenye diski mpya, kazi imekwisha. Hapana. Mafolda utakuwa nayo, lakini diski ile haitawasha mashini. Ndani ya diski ya laptopu kuna sehemu ambazo huzioni: sehemu ndogo ya mwanzo inayoiambia mashini iwakie wapi, sehemu ya Windows yenyewe, na mara nyingi sehemu ya kurekebishia Windows ikiharibika. Halafu kuna ramani inayosema kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi.

Kufanya kloni ya diski ni kuchukua vyote hivyo kwa pamoja: ramani, sehemu zilizofichika, Windows, programu, mafaili, hata picha uliyoiweka nyuma ya skrini. Ukimaliza, unatoa diski ya zamani, unaweka mpya, unawasha, na mashini inaamka kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa nini tusiweke tu Windows upya? Mahali penye intaneti ya bei rahisi, watu wengi wanafanya hivyo, na si vibaya. Lakini sisi tunanunua megabaiti kwa kuhesabu. Kupakua Windows na masasisho yake ni gigabaiti nyingi. Tena kuna programu ya takwimu uliyowekewa chuoni, na yule aliyekuwekea hujui leo yuko Bukavu, Uvira au Bujumbura. Ukiifuta, hurudishiwi. Kwetu huku kloni inaokoa pesa na muda.

Lakini muelewe jambo moja: kloni inachukua vyote, vizuri na vibaya. Kama Windows yako ina virusi, vitahamia pia. Kama ilikuwa inakwama kwa sababu ya programu mbovu, itaendelea kukwama, labda kwa kasi zaidi.

KABLA YA KUNUNUA

Kwanza jua mashini yako inakubali diski ya aina gani. Laptopu nyingi za mkono wa pili zinatumia diski pana za inchi 2.5 zenye mlango wa SATA. Hapo unaweza kuweka diski ya kuzunguka au SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kama uko na uwezo, chukua SSD: mashini ya zamani itawaka kwa haraka kuliko siku uliyoinunua, na haiogopi sana mitikisiko ya njia zetu. Angalia na unene pia. Kuna laptopu nyembamba ambazo zinaingiza diski ya milimita 7 tu, ile ya milimita 9.5 haiingii.

Mashini mpya zaidi zinatumia SSD ndogo kama kipande cha chingamu, inayoitwa M.2. Hizo nazo ni za aina mbili, SATA na NVMe, na mashini inayokubali moja pengine haikubali nyingine. Na kuna laptopu ndogo za bei ya chini ambazo hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Hizo huwezi kuzibadilisha. Fungua uone kwanza, ndipo utoe falanga.

Pili, jihadhari na diski za uongo. Mutu anakuuzia terabaiti mbili kwa bei ya kicheko, ukiichomeka Windows inakubali ni terabaiti mbili. Kumbe ndani kuna nafasi ndogo tu, ukijaza inaanza kuandika juu ya yale ya mwanzo. Ipime kabla haijapita siku ya kurudisha: kwenye Windows iko programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux iko F3. Zinajaza diski yote halafu zinasoma kama kilichoandikwa bado kipo. Inachukua saa nyingi, lakini ni afadhali kuliko kulia.

Usishangae tu ukiona diski ya terabaiti moja inaonyeshwa kuwa 931. Huo si wizi. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ile ya 320 inaonekana 298 kwa sababu hiyo hiyo.

KABLA YA KUANZA

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kunakili ni mashini inafanya. Kujiandaa ni wewe.

1. Chukua mafaili ambayo huwezi kuyapata tena, yaani TFC, rekodi, picha za familia, vyeti ulivyopiga skana, uyaweke kwanza mahali pa tatu: flashi, diski ya nje, au mashini ya rafiki. Si diski ya zamani, si diski mpya. Mahali pa tatu. Kama ile siku ningefanya hivi tu, makala hii isingekuwa na mwanzo ule.

2. Pima afya ya diski ya zamani. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure na ndogo. Ikionyesha rangi ya bluu, endelea. Ikionyesha njano au nyekundu, au diski inatoa sauti ya kugonga-gonga, usifanye kloni ya kawaida, maana itaikamua diski inayokufa. Okoa kwanza mafaili muhimu. Baadaye tumia ddrescue, ambayo inachukua kwanza sekta zinazosomeka na kuacha zile mbovu kwa mwisho.

3. Futa takataka, toa filamu ambazo umeshaona, halafu rekebisha makosa: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, ukubali, uwashe upya.

4. Zima Windows kabisa. Siku hizi ukibonyeza kuzima, Windows mara nyingi haizimi, inalala nusu ili iwake haraka kesho. Diski iliyolala nusu haifai kunakiliwa. Shika kitufe cha Shift wakati unabonyeza kuzima, na itazimika kweli.

5. Angalia kama diski imefungwa na BitLocker. Kama ndiyo, andika ile funguo ya tarakimu 48 kwenye karatasi, halafu ifungue kabisa mpaka kazi iishe. Baada ya kubadilisha diski mashini inaweza kukuomba funguo ile, na bila hiyo hata wewe mwenye mali huingii.

6. Fikiria umeme. Tunajua hali yetu: pano za jua, betri, jenereta ya jirani. Piga hesabu kabla. USB 2.0 inapitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde. Ukiwa na gigabaiti 270 za kuhamisha, hiyo ni saa mbili na nusu. Kwa USB 3, yenye ulimi wa bluu mara nyingi, diski ya kuzunguka inaweza kutoa megabaiti 80, na kazi ile ile inaisha chini ya saa moja. Anza asubuhi jua likipanda, betri ya laptopu ikiwa imejaa na chaja iko ndani. Usianze saa kumi na moja jioni. Umeme ukikatika katikati, diski ya zamani haipati shida kwa sababu inasomwa tu, lakini ile mpya itakuwa nusu, utaanza upya.

NJIA YENYEWE

Vifaa ni vinne: diski mpya, kasha au waya wa kuiunganisha kwa USB, flashi moja, na bisibisi ndogo. Programu ninayoipendekeza sasa ni Clonezilla. Ni ya bure, imetengenezwa na kituo cha taifa cha kompyuta za nguvu kubwa cha Taiwan, na faili lake ni dogo kiasi cha kumpatia mwenzako kwa flashi bila intaneti. Unaiandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, unawasha laptopu kupitia flashi ile. Jua kwamba Rufus itafuta kila kitu kilichokuwa kwenye flashi.

Clonezilla haina sura nzuri, ni maandishi tu. Lakini inafanya mambo matatu ambayo ile amri yangu haikufanya. Inanakili nafasi zilizojaa tu, haipotezi muda kwenye utupu. Kwa kawaida inakataa kumimina diski kubwa ndani ya ndogo. Na inauliza mara mbili kabla ya kuandika.

Chagua diski kwenda diski, chagua njia ya wanaoanza, chagua diski ya ndani kwenda ya ndani. Inakuuliza kwanza chanzo, yaani ile yenye vitu. Halafu inakuuliza lengo, yaani ile mpya ambayo kila kilichomo kitafutika.

Simama hapo. Majina utakayoona mara nyingi ni sda na sdb. Usiamini majina hayo. Yanaweza kubadilika kila unapowasha, na hapo ndipo nilipoangukia mimi: jana yake sda ilikuwa diski mpya, siku ile ikawa ya dada. Angalia aina ya diski na namba yake ya pekee, ile iliyochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Kabla ya kufunga kasha, andika kwenye daftari: ZAMANI, namba fulani, MPYA, namba fulani. Halafu mwite mtu mwingine, hata kama hajui kompyuta, asome daftari kwa sauti wakati wewe unasoma skrini. Mwambie akuulize: "Kutoka wapi? Kwenda wapi?" Ukijibu vizuri mara mbili, bonyeza.

BAADA YA KUMALIZA

Zima. Toa diski ya zamani, weka mpya ndani, washa. Mara ya kwanza usiwashe zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Zina alama moja ya utambulisho, kama mapacha wenye kadi moja ya uchaguzi, na Windows inaweza kuchanganyikiwa ni ipi ya kuwakia.

Ikiwaka, utafungua na kuona bado ni gigabaiti 298! Wengi hapa wanafikiri wamedanganywa. Hapana, ramani ya zamani ndiyo imenakiliwa, na nafasi mpya iko mwishoni inangoja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Utaona sehemu ya C na nafasi tupu. Kama zinagusana, bonyeza C kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua kupanua. Kama katikati yao kuna ile sehemu ndogo ya kurekebishia, Windows itakataa kupanua. Hapo tumia GParted kutoka flashi ya Linux: sogeza sehemu ile mpaka mwisho kabisa, ndipo C ipate njia. Tena, ukiwa na mashini ya zamani inayotumia ramani ya aina ya MBR, ujue haitumii zaidi ya terabaiti mbili. Usinunue nne bure.

Sasa jaribu kila kitu. Fungua TFC yako, shuka mpaka ukurasa wa mwisho. Sikiliza rekodi tatu, nne. Fungua programu ya takwimu.

Na ile diski ya zamani? Usiifute. Usimuazime mutu aweke filamu. Iache mwezi mzima, na iache nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki. Kloni siku ya kwanza ni nakala ya pili ya kazi yako. Ukifuta ya zamani, umerudi kwenye nakala moja, ila sasa iko kwenye diski kubwa zaidi. Diski kubwa inayoanguka ziwani inazama sawa na ndogo. Wapiga picha wana kanuni yao ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwetu sisi ambao tumewahi kuondoka nyumbani tukiwa na nguo za mwilini tu, hiyo "mahali pengine" hatuhitaji kuelezwa sana.

MWISHO WA HABARI YA DADA

Tulikuwa na bahati moja: nilikatisha mapema. Kile ambacho hakijaandikwa juu yake bado kilikuwepo, ila bila majina. Hatukuiwasha tena. Tulitumia programu ya bure ya PhotoRec, inayopita diski nzima ikitafuta mafaili kwa umbo lao, na tukaweka yanayopatikana kwenye diski mpya. Siku mbili nzima, kwa umeme wa jua.

Rekodi 29 zikarudi kati ya 34. Hazikuwa na jina la mutu wala la kijiji, ni namba tu. Dada alikaa wiki nzima na masikio, akisikiliza moja moja, akimtambua kila mzee kwa sauti yake na kuandika jina upya. Alirudi kwa wazee wanne, wakakubali kusimulia tena. Wa tano alikuwa ameshafariki.

Dada alimaliza TFC yake, na tunasalimiana vizuri. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye bado nakumbuka ule mstari mmoja niliouandika bila kuusoma mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, diski zikijaa musiogope kuzibadilisha. Ila siku ile mutakapokuwa na diski mbili mezani, andika namba kwenye daftari, mwite mtu wa pili, na ukubali aulize swali lile linaloonekana la kitoto: kutoka wapi, kwenda wapi?

Mwenye mashini iliyojaa, anza leo na ile hatua ya kwanza: nakala mahali pa tatu. Zingine zitangoja jua la kesho.